Kalamu Tatu za Msafara: Ugogo, Siberia na Antaktika

Miongoni mwa maandishi ya safari iko aina moja iliyopewa nafasi ndogo katika uhakiki wa Kiswahili, nayo ni habari ya msafara wa uchunguzi. Msafara huu haufungwi kwa ajili ya biashara, wala hija, wala vita. Hufungwa ili watu walijue jambo ambalo hawakulijua: chanzo cha mto, kimo cha mlima, umri wa barafu, au asili ya ndege asiyeruka. Una mkuu wake, una wataalamu wake, una wachukuzi na watumishi, na mwisho wake, aghalabu, ni kitabu. Kitabu hicho ndicho kinachobaki baada ya miguu ya wasafiri kufutika mchangani au thelujini, nacho ndicho kinachomfikia msomaji. Kwa hiyo yafaa kiulizwe maswali yale yale yanayoulizwa utenzi au riwaya: nani anasema, anamwambia nani, na amemnyamazisha nani ili apate kusikika.

Habari ya msafara huweza kuandikwa kwa kalamu tatu. Kalamu ya kwanza ni ya mkuu wa msafara. Ya pili ni ya mtu aliyefuatana naye kwa ujira au kwa amri. Ya tatu ni ya mwenye nchi, ambaye msafara ulimkuta kwake na ukamwacha kwake. Kati ya mabara yote ya dunia ni moja tu, Antaktika, ambalo halikuwa na mwenyeji hata mmoja walipofika wasafiri wa kwanza, na kwa sababu hiyo halina kalamu ya tatu. Makosa makubwa ya vitabu vya karne ya 19 vilivyoeleza nyanda za kati za Tanzania yanaweza kusemwa kwa maneno machache: viliandika Ugogo kana kwamba ni Antaktika. Kusudi la makala haya ni kuonyesha jinsi kosa hilo lilivyotendeka, na jinsi maandishi ya Kiswahili yalivyoanza kulisahihisha.

Vitabu vya misafara vina ujenzi unaofanana sana hata pale vinapohusu nchi zisizofanana. Kwanza huja bandari ya mwisho, mahali ambapo vitu hununuliwa, watu huandikwa kazi, na mkuu wa msafara hulalamikia ucheleweshaji. Kisha huja uvukaji, ambamo uwezo wa kila mtu hupimwa. Baadaye hufuata nchi tupu, ambayo ndiyo moyo wa kitabu. Kwa Richard Burton na John Speke, waliosafiri mwaka 1857, bandari hiyo ilikuwa Unguja na pwani inayoielekea. Uvukaji ulikuwa milima ya Usagara. Na nchi tupu ilianzia pale maji yalipoadimika, katika mwingilio wa Ugogo. Kwa Robert Scott bandari ya mwisho ilikuwa New Zealand. Meli yake, Terra Nova, iliondoka Lyttelton tarehe 26 Novemba 1910 na kugusa Port Chalmers siku tatu baadaye. Mwanzoni mwa Desemba dhoruba ilikaribia kuizamisha. Kisha kwa muda wa majuma matatu hivi ikasukumana na mapande ya barafu yaeleayo kabla ya kufika bahari iliyo wazi. Msomaji aliyezoea mlango wa Usagara katika kitabu cha Burton hatapotea katika mlango wa dhoruba wa kitabu cha Scott. Ni mlango ule ule, umebadilishwa samani tu.

Kufanana huku kwa ujenzi ndiko kulikoleta hatari, maana umbo la kitabu lina nguvu ya kumwongoza mwandishi. Kama umbo linadai nchi tupu, mwandishi atatafuta nchi ya kuijaza nafasi hiyo. Na asipoipata iliyo tupu kweli, ataifanya iwe tupu kwa kalamu yake.

Tazama sasa Ugogo. Ni nchi ya uwanda wa juu, penye kimo cha zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, yenye mibuyu na miiba. Mvua yake huja kwa msimu mmoja, tangu Desemba mpaka Aprili hivi, na jumla yake katika Dodoma ni karibu milimita 570 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya kiangazi, na maji hupatikana kwa kuchimba katika mchanga wa mito iliyokauka. Upande wa mashariki, kabla ya kuingia Ugogo, wasafiri walikuta mbuga waliyoiita Marenga Mkali. Upande wa magharibi walikuta pori la Mgunda Mkali. Majina hayo mawili yenyewe ni habari za safari zilizofupishwa na watu wa msafara: maji makali, shamba kali. Katika Kigogo malenga ni maji. Ni sadfa tu ya lugha kwamba neno lenye sauti hiyo hiyo ndilo ambalo Kiswahili humwitia bingwa wa ushairi, lakini ni sadfa inayostahili kukumbukwa na kila asomaye maandishi ya nchi hii, kwa kuwa katika Ugogo habari yote ya safari ilikuwa habari ya maji.

Mwenye maji alikuwa mwenye nchi. Watemi wa Ugogo waliutoza kila msafara hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa kwa nguo, ushanga na nyaya za shaba. Katika vitabu vya Burton (1860), Speke (1863), Stanley (1872) na Cameron (1877) hongo ni kero inayorudi kila kituo. Mkuu wa msafara huhesabu doti alizotoa, husimulia siku alizosubirishwa, na humweleza mtemi kama mtu mwenye tamaa aliyekaa njiani kuizuia elimu isipite. Msomaji wa London alikuwa tayari kuamini hivyo. Lakini mhakiki anapaswa kuuliza jambo ambalo vitabu hivyo havikuuliza. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu, na pengine punda pia. Kundi kama hilo likipiga kambi kisimani siku tatu katika mwezi wa Oktoba, hunywa maji yaliyowekewa ng'ombe na watoto mpaka mvua zinyeshe; tena hununua nafaka katika nchi ambayo njaa si mgeni. Hongo ilikuwa bei ya maji hayo, na ilikuwa pia kukiri kwamba maji yana mwenyewe. Aliyeiita unyang'anyi alikuwa amekwisha kuamua, kabla ya kufika, kwamba nchi ile ni njia tu.

Neno lenyewe limepata mabadiliko ya kusikitisha. Leo mtu akisema hongo husikika rushwa, fedha inayotolewa gizani ili haki ipindwe. Katika barabara ya misafara ilikuwa malipo ya wazi, yaliyojadiliwa mchana mbele ya watu, tena mara nyingi kwa ngoma na pombe. Mwanafunzi anayesoma habari za zamani kwa maana ya leo atamhukumu mtemi kabla hajamsikiliza, na kwa hivyo atakuwa ameishika kalamu ya kwanza bila kujua.

Kalamu ya pili ilikuwapo katika misafara hii, ingawa kwa muda mrefu ilikuwa ulimi tu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akaachwa huru na kurudi Unguja, alipita nyanda za kati pamoja na Burton na Speke, tena na Speke na Grant, tena na Stanley, tena na Cameron, ambaye aliifikia bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Hakuna hata mmoja wa mabwana hao aliyeijua njia kama yeye. Hata hivyo Bombay hakuandika kitabu. Habari ya maisha yake imo ndani ya kitabu cha Speke, kwa Kiingereza cha Speke. Na Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, kwa hiyo maneno ya mtemi wa Ugogo aghalabu yalipaswa kuvuka Kigogo, kisha Kiswahili, kisha Kihindustani, ndipo yaandikwe kwa Kiingereza. Mtu anapodondoa maneno ya mtemi kutoka kitabu hicho kana kwamba yalitoka kinywani mwake, hana budi akumbuke mito mitatu iliyovukwa, na kwamba mvushaji alikuwa mmoja, amechoka, naye anataka msafara uondoke kesho.

Wako wengine waliokaribia zaidi kuishika kalamu yenyewe. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik huko Bara Hindi, aliandika shajara ya safari ya kuurudisha mwili wa Livingstone pwani katika miaka ya 1873 na 1874. Shajara hiyo ilitangazwa kwanza kwa Kijerumani. Chuma na Susi, waliokuwa katika safari hiyo hiyo, walikwenda Uingereza na kumsaidia Horace Waller kutengeneza shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874. Walieleza vituo, njia na watu. Jina lililowekwa juu ya kitabu halikuwa lao. Hapa kalamu ya pili ilitiwa wino, lakini mkono uliokuwa juu yake ulikuwa wa mwingine.

Mabadiliko ya kweli yalikuja pale mtu wa msafara alipoandika kwa Kiswahili na jina lake likabaki. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Berlin, alichapisha mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari ya Selim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na Theodor Bumiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi chini ya Wissmann katika Afrika Mashariki. Mwaka 1896 Selim alisafiri pamoja na bwana huyo kutoka Ujerumani mpaka Urusi na Siberia, akapita Petersburg na Moscow, akaingia katika nchi za Wakirgizi na Wakalmuki. Ndiyo habari ya Kiswahili ya karne ya 19 inayokaribia zaidi safari za nchi za barafu, na kwa mhakiki ina thamani inayozidi ugeni wa mahali palipoelezwa.

Thamani yake ya kwanza iko katika kugeuka kwa macho. Katika vitabu vya misafara ya Ugogo, mgeni humwangalia mwenyeji, humpima, huchora mkuki wake na kueleza jinsi alivyotoboa masikio. Katika Siberia mtu wa Afrika ndiye msafiri, naye ndiye anayeeleza nyumba, chakula, mavazi na dini za watu wa huko; na papo hapo yeye mwenyewe anaangaliwa na watu ambao hawajapata kumwona mtu mweusi. Selim yuko katikati ya macho mawili, na hana cheo cha kumkinga na lolote kati ya hayo. Mkuu wa msafara akitazamwa na watu huandika kwamba wenyeji ni wadadisi. Mtumishi akitazamwa hana budi kujiona kwanza.

Thamani ya pili ni namna ya kuhesabu. Msafiri wa kalamu ya pili hana sifa ya uvumbuzi wa kulinda. Hadai kwamba amegundua mto ambao watu wamekuwa wakiunywa tangu zamani. Anachohesabu ni siku, vituo, vyakula, vipando, na watu waliomkirimu au kumdhihaki. Wasomaji wengine huona uandishi wa namna hii kuwa mkavu, kwa sababu hauna mandhari iliyopambwa wala nafsi inayojichunguza. Lakini ukavu huo ni adabu ya barabara. Ndivyo mtu wa msafara anavyotoa habari anaporudi nyumbani na kuulizwa habari za utokako: hutaja mahali, umbali, maji, chakula, heri na shari, akamwachia msikilizaji kujaza yaliyobaki. Nathari ya Kiswahili ilikuwa na umbo hili kabla haijafundishwa umbo jingine lolote, na kulidharau ni kudharau mojawapo ya misingi yake.

Thamani ya tatu ni dini. Katika Asia ya Kati kulikuwa na Waislamu wengi, na kwa hiyo Mngazija mtumishi aliweza kuingia kwa salamu pale ambapo bwana wake aliingia kwa barua za serikali. Jambo hili ni zito kwa uhakiki, kwa kuwa linavunja dhana kwamba katika msafara mwenye cheo ndiye mwenye njia. Selim alikuwa na jamaa katika nchi ambayo hakuizaliwa, na Bumiller hakuwa nao.

Hata hivyo haifai kumsifu Selim kupita kiasi. Pingamizi kubwa dhidi ya maandishi hayo ni kwamba yalikusanywa kwa shauri la mwalimu wa Kijerumani, ili yawafae Wajerumani waliojifunza Kiswahili kwa ajili ya utawala na biashara katika koloni. Mwandishi alijua nani atasoma. Hangeweza kumtaja bwana wake kwa maneno makali hata kama alikuwa na sababu, wala hangeweza kuyaacha mambo ambayo Velten alitaka kuyajua. Lyndon Harries, alipochapisha tena sehemu ya maandishi yaliyokusanywa na Velten pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1965, aliyapa maisha mapya. Lakini wasomaji wengi waliendelea kuyatumia kama ushahidi wa mila au sampuli za sarufi. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba kila kalamu ya msafara ina bwana wake. Burton aliandika akitazama Chama cha Kijiografia cha London. Stanley aliandika kwa gazeti lililomlipa. Kama kumwandikia bwana kunaondoa maandishi katika fasihi, basi vitabu vya kalamu ya kwanza viondolewe kwanza. Kinachotakiwa ni kusoma kwa kumkumbuka bwana huyo, na kuangalia mahali ambapo mwandishi amesema zaidi ya alichoombwa.

Kalamu ya tatu ilichelewa kufika Ugogo, lakini ilifika. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa katika nchi ya Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, anajulikana zaidi kwa mashairi na ngonjera. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha nathari, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Si kitabu cha safari, na huenda ndiyo sababu hakiwekwi katika rafu moja na vitabu vya Burton na Stanley. Lakini ndicho jibu lao. Kinaeleza koo na asili zao, watemi na nchi zao, na desturi za watu. Msomaji akikisoma kwanza, kisha akarudi kwa Stanley, huona kwamba yule mzee aliyeketi chini ya mbuyu akidai doti ana ukoo, ana mipaka, ana wajibu kwa ardhi na kwa mvua. Katika Ugogo mtemi alikuwa mtu wa kuombewa mvua kabla ya kuwa mtu wa kupokea nguo. Basi aliyekuwa na dhamana ya mvua kutoza ushuru wa maji si jambo la ajabu. La ajabu ni kwamba wataalamu waliokuja kupima kila kitu hawakulipima hilo.

Kitabu cha Mnyampala nacho kina mipaka yake. Kilichapishwa chini ya utawala wa kikoloni, na kinafuata mpango wa vitabu vya mila vya wakati huo, ambavyo vilipenda kuigawa jamii katika milango ya ndoa, mazishi na utawala. Zaidi ya hayo, mwenye nchi aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo, na kwa hiyo naye alivuka mto mmoja. Tofauti ni kwamba alivuka mwenyewe, kwa hiari yake, akijua alichobeba. Mwaka 1995 Gregory Maddox alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, na hivyo sauti ya mwenye kisima ikafika, baada ya zaidi ya miaka 100, katika lugha iliyokuwa imemsengenya.

Ni kwa mwanga wa kalamu hizi tatu kwamba vitabu vya Antaktika vinapaswa kusomwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Huko hakuna mtemi, hakuna kisima chenye mwenyewe, hakuna wa kumsalimu. Nchi ni jangwa kwa maana halisi: katika nyanda zake za ndani unyevu unaoshuka kutoka mbinguni hulingana na milimita 50 za mvua kwa mwaka au pungufu, kiasi kisichofikia hata sehemu ya kumi ya mvua ya Dodoma. Juu ya jangwa hilo imelala barafu yenye sehemu kubwa ya maji yasiyo ya chumvi ya dunia nzima. Msafiri anakanyaga maji asiyoweza kuyanywa mpaka ayayeyushe, na kuyeyusha kunataka mafuta. Kwa hiyo kalamu ya kwanza, ikiwa haina mwenyeji wa kulalamikia, huifanya nchi yenyewe iwe adui. Upepo hupewa nia, barafu hupewa hila, na mkuu wa msafara hubaki shujaa peke yake mbele ya maumbile. Shajara ya Scott, iliyokutwa pamoja na maiti mwezi wa Novemba 1912 na kuchapishwa mwaka uliofuata, ni kielelezo kikuu cha uandishi huu. Ni maandishi yenye heshima na majonzi ya kweli, na katika nchi ile yana haki ya kusema kwamba hakukuwa na mtu mwingine.

Lakini hata huko kalamu ya pili ilikuwapo, na mhakiki aliyejifunza kwa Bombay ataitafuta mara moja. Farasi wadogo na mbwa wa Scott walinunuliwa na Cecil Meares huko Manchuria na Siberia, na pamoja nao walikuja Anton Omelchenko, mtunza farasi, na Dmitri Gerov, mwendesha mbwa. Miaka 14 baada ya Selim kuingia Siberia akiwa mtumishi, watu wa dola ile ya Urusi walitoka wakiwa watumishi kwenda upande wa pili wa dunia. Askari wa bahari Edgar Evans, aliyefika Ncha ya Kusini pamoja na Scott Januari 1912, alikuwa wa kwanza kufa katika kurudi, tarehe 17 Februari; yanayojulikana juu ya siku zake za mwisho yametoka katika kalamu za wakubwa wake. Tom Crean alitembea peke yake kama maili 35 kuokoa maisha ya ofisa wake aliyekuwa mahututi, naye hakuacha kitabu. William Lashly, mtu wa kuchochea moto wa mitambo ya meli, alibaki katika hema akimuuguza mgonjwa huyo, na aliandika shajara.

Kwa sababu hii kitabu cha Apsley Cherry-Garrard, The Worst Journey in the World, kilichotoka mwaka 1922, kinasimama juu ya vingine vyote vya safari ile. Watu hukisifu kwa habari ya safari ya majira ya baridi ya mwaka 1911, ambayo yeye pamoja na Wilson na Bowers walivuka giza la Juni na Julai kwenda kutafuta mayai ya pengwini wakubwa, wakarudi na mayai matatu. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini ubora wake mwingine ni wa ujenzi: mwandishi ameingiza ndani ya kitabu chake kurasa za shajara ya Lashly, kwa maneno ya Lashly mwenyewe. Waller alipata maelezo ya Chuma na Susi akayamimina katika kitabu cha bwana wao. Cherry-Garrard alimwachia mtu wa tabaka la chini aseme kwa jina lake. Nathari ya Lashly ni ya siku, mwendo, chakula na hali ya mgonjwa. Msomaji wa Safari za Wasuaheli ataitambua.

Na hata kalamu ya tatu haikukosekana kabisa. Roald Amundsen, aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, mwezi mmoja na zaidi kabla ya Scott, alikuwa amekaa miongoni mwa Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada katika safari yake ya 1903 mpaka 1906, akajifunza kwao mavazi ya ngozi na matumizi ya mbwa. Wenyeji wa baridi ya kaskazini walikuwa ndani ya ushindi wa kusini. Antaktika haikuwa na mwenyeji wa kudai hongo, lakini elimu iliyomfikisha mtu huko na kumrudisha salama ilikuwa na wenyewe.

Tangu Mkataba wa Antaktika ulipotiwa sahihi tarehe 1 Desemba 1959 na mataifa 12, bara hilo limetengwa kwa ajili ya amani na utafiti, na timu za wataalamu huliendea kutoka Cape Town, Hobart, Christchurch na bandari za ncha ya Amerika ya Kusini. Kwa hiyo fasihi ya msafara wa uchunguzi haijafa. Katika nyanda za kati pia haijafa. Wataalamu huenda Kondoa kutazama michoro ya miambani, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983, na ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Katika baadhi ya mapango hayo, kama vile Mongomi wa Kolo, watu wa huko bado hufanya matambiko ya mvua na ya kuponya. Mtaalamu anayeandika kwamba alikuta michoro ya kale katika pango lililo kimya, bila kumtaja aliyemwonyesha njia wala anayetambika humo, ameiandika Kondoa kana kwamba ni Antaktika. Imepita zaidi ya karne moja na nusu tangu Burton apite, na kosa ni lile lile. Kibali cha utafiti anachopewa na serikali ni hongo ya zama hizi, kwa maana yake njema ya zamani: ni kukiri kwamba nchi ina wenyewe. Kukilalamikia katika dibaji ni kumrudia Stanley.

Kipimo kinachofaa kutumiwa darasani ni chepesi. Katika kila ukurasa wa habari ya msafara mwanafunzi aulize maji yaliyonywewa siku ile yalikuwa ya nani, nani aliyateka au kuyayeyusha, na kama mtu huyo ametajwa jina. Kwa kipimo hicho vitabu vingi vyenye sifa vitapungua uzito, na maandishi yaliyoitwa makavu yataongezeka. Na yeyote atakayesimulia kwa Kiswahili safari ya kwenda Antaktika pamoja na timu ya watafiti hatakuwa na haja ya kuazima umbo la Scott. Anaweza kuanza na orodha ya vituo, vipimo vya chakula, na majina kamili ya wapishi na mabaharia, kama watu wa barabara ya Bagamoyo walivyofanya. Na atakapofika mahali pasipo mwenyeji kabisa, msomaji wake atamwamini atakaposema kwamba nchi ni tupu.